Eti Watu wa Pwani Hawajitolei

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mgeni aliyekuja kukagua idadi ya wanachama wa klabu yetu ya Rotary, klabu ya watu wanaojitolea kuhudumia jamii, hapa Malindi: shida yenu ni utamaduni, watu wa Pwani hawana moyo wa kujitolea. Pale kikaoni nilinyamaza, maana mgeni ni mgeni. Humu sinyamazi.

Aende Barani au Shella, mitaa ya hapa Malindi, siku ya msiba. Maiti hajaoshwa, turubai limeshasimama, masufuria yameshafika kwa mkokoteni, vijana wako makaburini na majembe, kina mama wameshagawana nani anamenya vitunguu na nani anakaa na mfiwa. Hakuna aliyelipa ada wala aliyesomewa kumbukumbu za kikao kilichopita. Au avuke Lamu wakati wa Maulidi aone wageni wanavyopokewa majumbani. Halafu arudi anieleze habari za moyo.

Kuwapata wapya hakunisumbui, kwa hiyo naipita haraka. Mwalike mtu kwa jina, umlete kwenye mradi badala ya hotuba, wengi wataingia. Bango la Facebook linaleta watu wa kupiga picha. Basi. Kazi iko kwenye kubaki, na si Malindi tu: Rotary dunia nzima ina wanachama wapatao milioni 1.2, na idadi hiyo haijabanduka kwa zaidi ya miaka 20 ingawa kila mwaka wanaingia maelfu kwa maelfu. Wanaoingia wanakwenda wapi? Wanatoka. Hawa nao ni Wapwani wote?

Kinachonichoma ni saa na mahali pa kikao. Mwaka 1905 pale Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikutana ofisini kwa mmoja wao, kisha wakawa wanazungukiana, na jina Rotary likatoka hapo. Hoteli haikuwamo. Sisi tumejipachikia hoteli, chakula cha kulipia, na Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo Muislamu wa mji huu yuko kwenye magharibi, au ndiyo anatoka msikitini, na muuguzi anakabidhiana zamu. Nimewahi kuona mtu akitozwa faini ya kuchelewa, ile ya mzaha, naye ametoka kuswali. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, na sikumwona tena.

Wanawake je? Lions, klabu nyingine za kujitolea kama zetu, iliwafungulia mlango mwaka 1987, Rotary 1989, kwenye karatasi. Lakini kikao cha usiku hatua chache kutoka kaunta ya baa kinamwambia mama wa Shella asije, na hakuna haja ya kukiandika popote.

Sasa ada. Mwaka wa klabu hizi unaanza Julai mosi, na mweka hazina hutuma ujumbe siku hiyohiyo. Wanachama wetu wengi wanakula kwa utalii: wapishi, madereva wa tuktuk, wenye maduka ya vinyago, manahodha wa Watamu. Aprili hadi Juni ni masika, hoteli nyingi zimefungwa, wengine wamerudi Ganze kulima. Wanatoka huko mfuko umekauka, wanakutana na deni. Anayeona haya hasemi hana; anaacha kupokea simu. Mwambie huyohuyo alipe kidogokidogo kwa M-Pesa kuanzia Desemba, msimu ukiwa umechanganya, uone kama moyo hana.

Na usiniambie kanuni zinatubana. Tangu 2016 Rotary imeruhusu klabu zijipangie, ilimradi wakutane angalau mara mbili kwa mwezi, na siku ya mradi inaweza kuhesabiwa kuwa kikao. Wengi bado tunaishi kabla ya 2016.

Jambo la mwisho ni kazi. Mtu anavishwa pini ya uanachama, anapigwa picha, kisha anaketishwa miezi mitatu akisikiliza ripoti za kamati. Kwenye kambi moja ya macho, kinyozi aliyekuwa mgeni kabisa alipewa chati ya herufi E. Mzee asiyejua kusoma haambiwi asome, anaonyesha kwa kidole miguu ya E imeelekea wapi. Yule kinyozi akagundua kuwa wazee kutoka Marafa walioko kwenye foleni wanakariri majibu ya waliotangulia. Hakumuuliza mtu, akawa anaipindua chati juu chini kila baada ya wagonjwa kadhaa. Huyo hajatutoka mpaka leo, na huwezi kumkosa kwenye kambi.

Nina mashaka yangu pia. Fomu za kuwauliza wanaoondoka siziamini hata kidogo. Kila mmoja huandika "nimebanwa na kazi", kisha unamkuta ndiye mweka hazina wa chama cha mazishi mtaani kwake. Ni adabu tu. Walimu na maafisa wanaopewa uhamisho tunawahesabu kama hasara, sijui kwa nini. Na kuna siku nahofia kwamba tukipunguza vikao mno tutabaki kundi la WhatsApp lenye pini, kwa sababu wale wakongwe waliokutana kila wiki kweli walizikana na kuozeshana watoto.

Mwezi huu tunapiga kura: kikao baada ya isha, darasani kwenye shule ya msingi, bila chakula. Rais mmoja wa zamani wa klabu ameshasema pasipo na chakula yeye haji. Itabidi tumwandike kwenye orodha ya walioondoka, ila yeye sababu yake tunayo.