Paji, Utosi, Panja na Kisogo: Dhana Potofu Kuhusu Sehemu za Ubongo

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Mbeya na Tukuyu, mgonjwa wa ubongo huchelewa kufikishwa hospitali kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba wanaomzunguka huona kilichoharibika ni mkono, ulimi, macho au tabia, ilhali viungo hivyo ni vizima na kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayoviendesha.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.4. Sehemu yake iliyo kubwa kuliko zote ni ubongo mkubwa, uliogawanyika katika nusu ya kulia na ya kushoto, na kila nusu ina maeneo manne yanayotajwa kwa mahali yalipo kichwani: eneo la paji, la utosi, la panja na la kisogo. Chini yake, kwa nyuma, upo ubongo mdogo, na katikati hushuka shina la ubongo hadi kuungana na uti wa mgongo.

"Binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake"

Kauli hii hupendwa na wanaofundisha mbinu za mafanikio, lakini haina msingi. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, na bado hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Vipimo vinavyofuatilia mtiririko wa damu kichwani huonyesha maeneo yote yakifanya kazi kwa nyakati mbalimbali, hata usingizini. Hakuna akiba iliyolala. Jeraha dogo tu kwenye shina la ubongo, linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo, linaweza kumuua mtu mara moja.

"Kupooza ni ugonjwa wa mkono na mguu"

Mtu anaamka asubuhi mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Ndugu wanaukanda mkono kwa maji ya moto, wanamchanja chale, wanaulizana ni nani aliyemroga, na siku zinakwenda. Kumbe tatizo liko upande wa pili na juu kabisa: mshipa wa damu ndani ya nusu ya kushoto ya ubongo umeziba au umepasuka, mara nyingi baada ya miaka mingi ya shinikizo la juu la damu lisilopimwa wala kutibiwa. Amri za mwendo hutoka kwenye ukanda mwembamba ulio mwisho wa eneo la paji, unaopanda kutoka panjani hadi utosini. Nyuzi zake nyingi huvuka kwenda upande wa pili zinapofika sehemu ya chini ya shina la ubongo, na ndiyo maana nusu ya kushoto huendesha mkono wa kulia na nusu ya kulia huendesha mkono wa kushoto. Ukanda unaofuata, mwanzoni mwa eneo la utosi, hupokea habari za mguso, maumivu, joto na baridi.

Kuukanda mkono hakuwezi kufungua mshipa ulioziba kichwani. Seli za ubongo zilizokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo saa zinazotumika kumtafuta mchawi ndizo saa ambazo daktari angeweza kuokoa kitu. Mazoezi ya viungo ni jambo jingine, nayo yana faida kubwa yakianza mapema baada ya matibabu ya awali na kufanywa kila siku, kwa kuwa huyafundisha maeneo yaliyosalia kuchukua sehemu ya kazi ya yale yaliyokufa.

Kuhusu maneno yasiyotoka, mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimchunguza mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini akaweza kutamka silabi moja tu, "tan". Mgonjwa alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika kwenye eneo la paji upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali nyingine: jeraha likiwa nyuma zaidi, katika eneo la panja upande huohuo, mgonjwa huzungumza kwa mtiririko mzuri, lakini maneno hayashikani, na mwenyewe haelewi anayoambiwa. Huyu wa pili ananisikitisha zaidi, kwa sababu nyumbani huonekana amerukwa na akili na anaweza kupelekwa kuombewa au kufungiwa ndani, wakati ana kiharusi kama yule wa jirani aliyepooza mguu. Hata wa kwanza hasalimiki na lawama. Baadhi ya wagonjwa wasioweza kutaja jina la mtoto wao huweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani waliouzoea tangu utotoni, na ndugu wakisikia husema anajifanya. Hajifanyi, uimbaji hutegemea sana nusu ya kulia, ambayo haikuguswa.

Ugunduzi huu ulizaa dhana nyingine, kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto, wenye hesabu na mantiki, na watu wa ubongo wa kulia, wenye sanaa. Ni kweli kwamba Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, alionyesha umahiri tofauti wa kila nusu kwa kuwachunguza wagonjwa waliokatwa nyuzi zinazoziunganisha nusu hizo mbili. Lakini katika kichwa kisichokatwa nyuzi hizo ni takriban milioni 200, na mtu anayepiga hesabu sokoni Mwanjelwa anatumia nusu zote mbili kwa pamoja. Hakuna sababu ya kumwambia mtoto kwamba hesabu hazikuumbiwa ubongo wake.

"Kichwa kikubwa, akili nyingi"

Dhana hii ina historia chungu katika Iringa. Katika karne ya 19 wasomi wa Ulaya walikusanya mafuvu ya watu wa makoloni na kuyapima, wakiamini kwamba ukubwa na umbo la fuvu hueleza akili na daraja la watu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipofariki mwaka 1898, Wajerumani walichukua kichwa chake; kurejeshwa kwa fuvu hilo kukaandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na Wahehe walilipokea mwaka 1954 kutoka Bremen. Sasa limehifadhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Sayansi iliyohalalisha ukusanyaji wa mafuvu ya namna hiyo ilikuwa ya uongo. Ubongo wa Albert Einstein ulipopimwa ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume.

Tembo wa Ruaha ana ubongo unaozidi kilo 4, na seli zake za neva hukadiriwa kuwa bilioni 257, wakati binadamu ana takriban bilioni 86. Lakini zaidi ya asilimia 97 ya seli hizo za tembo zimo katika ubongo mdogo, na tabaka la nje la ubongo wake mkubwa lina takriban bilioni 5.6 tu, dhidi ya bilioni 16 za binadamu. Kwa hiyo mahali seli zilipo na jinsi zinavyounganishwa vina uzito kuliko ukubwa wa fuvu.

"Ulanzi hushukia miguuni"

Wakati wa msimu wa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, vijijini Iringa na Njombe, husemwa kwamba kichwa cha mnywaji ni kizima, ila miguu ndiyo imelewa. Miguu haijapata kitu. Pombe imeugusa ubongo mdogo, ambao una sehemu ndogo tu ya uzito wa ubongo wote lakini umebeba takriban bilioni 69 kati ya zile seli bilioni 86. Kazi yake ni kuratibu misuli, kutunza mizani na kurekebisha mwendo wakati unafanyika. Ukivurugwa, mtu hupepesuka, ulimi huwa mzito, na kidole kinachotafuta pua huikosa. Ulevi wa miaka mingi, hasa ukiambatana na lishe duni, unaweza kuacha mpepesuko huo hata siku ambayo mtu hajanywa.

"Macho mazima huona"

Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona ingawa macho yake hayana kasoro, kwa sababu picha husomwa katika eneo la kisogo. Fundi wa miwani hawezi kumsaidia huyo.

"Anaongea, basi amepona"

Ajali za bodaboda katika barabara za Mbeya, Makambako na Mafinga zinafanya dhana hii kuwa ya hatari. Majeruhi anaweza kuzungumza vizuri kwa muda huku damu ikikusanyika taratibu kati ya fuvu na ubongo, kisha akaanza kutapika, kusinzia na kupoteza fahamu. Aliyegonga kichwa na kuzimia, hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali.

Wapo pia wanaopona jeraha lakini wakarudi nyumbani na tabia ngeni. Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, chuma kilipenya shavuni mwa fundi wa reli Phineas Gage na kutokea juu ya kichwa chake. Aliishi karibu miaka 12 baadaye, lakini waliomfahamu walisema amebadilika: msimamizi makini alikuwa amegeuka mtu asiye na subira, mwenye matusi. Eneo la paji ndilo linalotuwezesha kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya tendo kabla ya kulitenda. Kijana aliyekuwa mpole kabla ya ajali, akawa mkali na mtumiaji ovyo wa fedha baada yake, anahitaji daktari na familia inayojua kilichompata, kwa kuwa kumwita mkorofi hakumrudishii breki alizopoteza.

"Kifafa ni mapepo, tena huambukiza kwa povu"

Sidhani kama kuna dhana inayoumiza watu zaidi ya hii. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo, na kifafa hutokea kundi la seli linapofyatua umeme huo kwa pamoja bila mpangilio. Dalili hutegemea mahali ulipoanzia. Ukianzia kwenye ukanda wa mwendo, mkono mmoja hurukaruka. Ukianzia panjani, mtu husikia harufu isiyokuwapo, hushikwa na hofu ya ghafla au hukodoa macho bila kujibu. Ukianzia kisogoni, huona miale. Ukienea ubongo wote, huanguka na kukakamaa. Povu ni mate na haliambukizi chochote, hivyo hakuna udhuru wa kumwacha mtoto aliyeangukia mekoni aungue kwa sababu watu wanaogopa kumshika. Mwondoe penye hatari, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu kingine mdomoni, na tukio likizidi dakika 5 mkimbize hospitali.

Katika ukanda huu ipo sababu moja ya kifafa inayoweza kuzuiwa. Nguruwe hufugwa sana Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na watafiti waliokwenda Mbozi na Mbeya vijijini wamekuta nguruwe wenye vifuko vya mabuu ya tegu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, katika maeneo mengi yenye tegu huyo, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Hapa pana kosa ambalo hata waliosoma hulifanya: wanaamini kwamba asiyekula kitimoto yuko salama. Anayekula nyama yenye vifuko isiyoiva hupata tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni, ambavyo ndivyo vinavyoleta kifafa, humpata aliyemeza mayai ya tegu, yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, kupitia mikono isiyonawiwa, mboga au maji. Mtu asiyewahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kuyapata kwa jirani asiye na choo. Kinga ni choo kinachotumiwa na wote, nguruwe waliofungiwa bandani, nyama iliyokaguliwa na kuiva, na kunawa mikono kwa sabuni.

Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla kwa kuwa tu mgonjwa amekaa muda bila kuanguka, maana kukatisha huko kunaweza kuleta mfululizo wa degedege usiokoma. Na anayemsindikiza mgonjwa kliniki aeleze alichokiona mwenyewe: tukio lilianzia upande upi wa mwili, macho na kichwa viligeukia wapi, lilichukua muda gani, na kama mgonjwa aliweza kuzungumza mara baada ya kuzinduka, kwa sababu kwa maelezo hayo daktari huanza kukisia ni eneo gani la ubongo lenye tatizo hata kabla ya kipimo chochote.