Pua ya King Cobra na magari ya mbio yaliyonyimwa muda

Mimi ni fundi bodi. Tangu nihamie huku North Carolina kazi yangu kubwa ni kurudisha bodi za gari za mbio za zamani, zile za NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, nakunja bati, nalaza faiba, napiga puti nasugua tena mpaka mkono unajua mstari wenyewe. Wadau wakinitumia picha mara nyingi wananiuliza kuhusu gari zilizoshinda. Mimi mapenzi yangu yako kwa zile ambazo hazikuwahi hata kuingia mashindanoni, na ya kwanza kabisa moyoni ni Ford Torino King Cobra ya 1970.

Ukiiona mara moja huisahau. Torino ya kawaida ya mwaka ule ina grili pana na uso uliosimama, sasa kwenye King Cobra ule uso umetolewa wote, ikawekwa pua ndefu inayoteremka taratibu mpaka chini karibu na lami, taa zimezamishwa kwenye vishimo viwili, ukiangalia kwa mbele unakumbuka ile Datsun 240Z, gari ya michezo ya Kijapani. Halafu zunguka nyuma. Nyuma ni Torino ile ile, hakuna bawa. Shikilia hapo, nitarudi.

Kwanza tuelewane hili neno stoki, maana mbio zenyewe zinaitwa za magari ya stoki. Lichukulie kama la dukani tu. Ni gari iliyopo kwa dila, wewe ukiwa na hela yako unaingia unaondoka nayo. Bill France alivyoanzisha NASCAR 1948 wazo lilikuwa hilo, watu waone gari kama za kwao zikishindana, kwa hiyo kampuni ikitaka kuleta umbo jipya kwenye mbio ilibidi kwanza itengeneze kadhaa na kuwauzia raia. Mpaka 1969 hiyo kadhaa ilikuwa 500. Dodge, walio chini ya kampuni ya Chrysler, wakatengeneza Charger Daytona zaidi kidogo ya hapo, gari ya kuuzwa kwa mtu wa kawaida ikiwa na pua kali kama mkuki na bawa nyuma lenye kimo cha inchi 23, na Machi 1970 dereva Buddy Baker akaichukua moja ya majaribio pale uwanja wa Talladega akapita maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 320, wa kwanza kufanya hivyo kwenye uwanja wa mviringo. Ford hawakuwa wamelala. Tatizo lao ni kwamba bodi mpya ya 1970 ilikuwa inapasua hewa vibaya kuliko Torino Talladega ya mwaka uliotangulia, mpaka timu zao zikaendelea kukimbiza bodi ya zamani. King Cobra ndiyo ilikuwa dawa.

Sasa ile pua. Majaribio yalionyesha kwamba inafanya kazi sana, tena kupita kiasi. Hewa iliikandamiza mbele vizuri, nyuma ikabaki nyepesi. Fikiria pembea ya ubao ya watoto, pua iko mbele kabisa kupita matairi ya mbele, ukiibonyeza kule mwisho nyuma lazima ijaribu kunyanyuka. Kwenye spidi ya mjini huwezi kusikia kitu, lakini kwenye uwanja wa Daytona kona zimelala digrii 31 na dereva haondoi mguu, nyuma ikianza kuelea pale hakuna wa kuirudisha.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Kuna kipimo cha bei rahisi kuliko handaki lolote la upepo, kile chumba cha kupulizia gari hewa kupima umbo lake: unakata uzi wa sufu vipande vya urefu wa kidole, unavibandika kwa tepu gari nzima, mwenzako anaendesha na wewe uko gari ya pembeni unarekodi video. Tulifanya hivyo kwenye gari moja tuliyoifungia pua ya kulala bila kugusa nyuma. Kwenye boneti nyuzi zote zililala kama nywele zilizopakwa mafuta zikachanwa, hata moja haitingishiki. Nikasogeza kamera mpaka kioo cha nyuma, pale zikaanza kucheza, na karibu na buti kuna nyuzi tatu zilikuwa zimegeuka kabisa zinaangalia mbele, maana yake hewa imeachana na bodi na sasa inajizungusha yenyewe. Dereva aliposimama neno lake la kwanza ni kwamba nyuma anaisikia inamkimbia. Siku ile ndio nilimwelewa dereva aliyeijaribu King Cobra.

Na hapa ndipo ninapobishana na watu. Wengi wanasema ile gari ilikuwa mbovu ikatupwa. Hapana jamani. Ilikuwa nusu ya gari. Pua imeshapatikana, bado mkia, na mkia unatibika, Dodge walishaonyesha njia na bawa lao. Kilichokosekana ni miezi michache na mtu wa juu wa kuilinda.

Mtu wa juu alikuwepo, Bunkie Knudsen, rais wa Ford aliyetoka General Motors 1968 akaja na mchoraji Larry Shinoda, ambaye mkono wake ndio uko kwenye pua ile. Septemba 1969 Henry Ford II akamfukuza Knudsen, muda si mrefu Shinoda naye akaondoka, na waliobaki hawakuwa na hamu ya kumwaga hela kwenye mbio. Wakati huo huo NASCAR wakabadilisha hesabu, zile 500 zikawa gari moja kwa kila madila wawili ulionao nchini. Plymouth, ndugu wa Dodge ndani ya Chrysler, waliokuwa wanaleta Superbird, gari yao ya pua na bawa, ilibidi watengeneze karibu 1,920, na Ford nao walikuwa na madila tele. Piga hesabu mwenyewe, pua ya namna ile kwa maelfu ya gari. King Cobra zikabaki chache za mfano tu.

1971 ndio mlango ukafungwa na kufuli. Gari za umbo maalumu, zile za pua ndefu na bawa, ziliruhusiwa kukimbia na injini isiyozidi inchi za ujazo 305, lita 5, wakati wenzao wana lita 7. Dereva Dick Brooks alijaribu hivyo hivyo na Charger Daytona kwenye Daytona 500, shindano kubwa la NASCAR, ya mwaka huo akamaliza wa saba, kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa mno. Upande wa Chrysler pia kulikuwa na bodi mpya za 1971 zenye mabawa zinazopimwa kwa modeli ndogo kwenye handaki la upepo la Wichita State, nazo zikaishia kwenye modeli. (Injini nazo zina wafu wao. Ile injini ya Ford iitwayo Cammer, ya inchi za ujazo 427, ilipigwa marufuku Oktoba 1964 kabla haijazunguka lapu moja ya shindano la NASCAR, ila yenyewe angalau ilienda drag, mbio fupi za mstari ulionyooka, ikapata maisha.)

Mkisema hayo ni mambo ya kale, basi chukueni Charger ya 2013. Hii haikuwa na kasoro yoyote ya kusimulia. NASCAR walitaka gari za mbio zifanane tena na za shorumu, Dodge wakachora bodi, wakaipitisha kwenye vipimo, wakaizindua Las Vegas Machi 2012 nyekundu inang'aa. Siku chache kabla, mwezi huo huo, Penske, timu kubwa waliyobaki nayo na iliyokuwa inawatengenezea injini, ilitangaza kuhamia Ford. Dodge walitafuta mwingine wa kumkabidhi kazi, na Agosti wakatangaza wanaondoka. Novemba Brad Keselowski, dereva wa Penske, akachukua ubingwa ndani ya Dodge ya zamani, wa kwanza kwao tangu Richard Petty 1975.

Februari 2013 Daytona 500 ilianza na kampuni tatu tu, Chevrolet, Ford na Toyota. Keselowski, bingwa mtetezi, alikuwa ndani ya Ford Fusion, akamaliza wa nne.