Dizeli kugoma asubuhi: betri husingiziwa tu

Asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Dodoma, Hilux ya zamani ya dizeli ikigoma, kila mtu atakwambia ununue betri. Kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, achana na betri, tazama ekzosi. Moshi mweupe unaonuka dizeli? Mafuta yanafika ila hayaungui; anza na hita plagi, zile plagi zinazopasha joto silinda kabla ya injini kuwaka. Chomoa waya wake, funga taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha plagi: taa isipowaka, plagi hiyo imekufa.

Bila moshi kabisa, mafuta hayafiki. Bonyeza pampu ya mkono ya filta. Ikianza laini kisha ikakaza, mpira fulani wa mafuta unavuta hewa. (Kupulizia petroli kwenye njia ya hewa ili injini iwake ni kutafuta mlipuko.)