Nyoka-mfalme wa milimani: joto humdhuru, baridi humzalisha

Nyoka-mfalme wa milimani wa Arizona, jimbo la Marekani, Lampropeltis pyromelana, hana sumu. Pete zake nyekundu, nyeusi na nyeupe humfanya afanane na nyoka wa marijani, ambaye ana sumu kweli, na kufanana huko humlinda porini. Huishi kwenye misitu ya misonobari na mialoni, mara nyingi juu ya mita 1,500. Hapo ndipo wafugaji wapya hupotea: wakisikia Arizona huwaza jangwa, kisha humpasha joto lisilo lake.

Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi joto 28 za sentigredi, na wa pili 21 hadi 23. Weka maficho pande zote mbili, la sivyo nyoka atachagua usalama na kuacha joto analolihitaji. Chombo cha kupasha joto kisitumike bila kidhibiti. Joto likivuka nyuzi 32 kwa saa nyingi, nyoka huyu anaweza kufa. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam asiye na kiyoyozi cha uhakika asimfuge, hata akiwa na vibali vyote.

Kila nyoka akae peke yake. Jamii hii hula nyoka wengine, na kuzaliwa tumbo moja hakuwazuii kulana.

Kuzalisha huanza na majira ya baridi ya kutengeneza: nyoka hupoozwa, yaani hushushiwa joto kwa wiki kadhaa. Jike awe na umri usiopungua miaka 3 na mwili ulioshiba, kwa sababu jike mdogo hukwama na mayai. Acha kuwalisha dume na jike wiki 2 kabla ya kuwapooza, lakini usipunguze joto katika wiki hizo. Wengi huruka hatua hii. Chakula kikibaki tumboni mwili ukapoa, usagaji husimama, nyama huoza ndani, na nyoka anaweza kufa. Tumbo likishakuwa tupu, shusha joto polepole hadi nyuzi 10 hadi 13, gizani, kwa wiki 10 hadi 12. Maji safi yawepo muda wote. Aliyekonda au anayetokwa na makamasi asipoozwe kabisa.

Joto likirudi, mlishe jike panya wadogo kila baada ya siku 4 au 5. Akijivua gamba kwa mara ya kwanza, mwingize kwa dume, akiwa ameshiba, na uwaangalie. Dume humng'ata shingoni wakati wa kupanda. Hiyo si vita. Wakishaachana, watenganishe mara moja.

Jike hujivua gamba tena kabla ya kutaga, na mayai hufuata baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Mtayarishie kisanduku chenye kuvumwani (moss) iliyolowa kidogo. Kwa kawaida hutaga mayai machache, 3 hadi 6. Yahamishe bila kuyageuza, maana kiinitete hujishikiza upande wa juu na ukikipindua huzama. Alama ya penseli juu ya kila yai husaidia. Yaliyogandana yasibanduliwe.

Ya kuatamia mayai, tumia vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) na maji kwa uzito sawa, gramu 100 kwa gramu 100. Mayai yakibonyea mapema, unyevu ni mdogo. Yakivimba na kutoka jasho, umezidi. Joto liwe nyuzi 26 hadi 27, na vitoto hutoka baada ya siku 60 hivi. Kuongeza joto ili waanguliwe haraka huzaa vitoto wenye uti uliopinda.

Kazi ngumu huja sasa. Porini vitoto hula mijusi, kwa hiyo wengi hukataa panya aliyezaliwa leo. Ngoja wajivue gamba la kwanza, kisha umpe kila mmoja panya huyo kwenye kikopo kidogo chenye giza, usiku kucha. Akikataa, mwoshe panya kwa maji, mpanguse kwa mjusi aliyekwisha kugandishwa kwa wiki kadhaa ili vimelea vife, ujaribu tena baada ya siku 5. Usimlazimishe mapema; mshtuko humfanya akatae zaidi. Kitoto kinachoendelea kukataa lakini bado kina mwili mzuri kinaweza kupoozwa kwa wiki 6 hadi 8, na wengi wao huanza kula panya joto linaporudi.