Joto la Kaskazi na Wanyama wa Nyumbani: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Wamezoea joto, hawa."
Asili ya sungura tunaowafuga ni Hispania na Ureno. Simbilisi alitoka milima ya Andes, kwenye baridi. Kasuku wa kijivu ni wa Afrika kweli, ila ni wa misitu yenye kivuli kutwa, si wa baraza la bati. Sungura hustarehe kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi; Dar es Salaam mwezi Januari hupita 30, tena kwa hewa nzito yenye unyevu.

"Namwashia feni."
Feni hutupoza sisi kwa kukausha jasho, na sungura hatoki jasho. Joto lake hutokea zaidi masikioni. Mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, hapo upepo utamfaa. Gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa banda. Atakuja mwenyewe kuiegemea ubavu, na ikimzidi atasogea. Nafasi hiyo ya kusogea ndiyo wengi tunawanyima.

"Banda liko kivulini."
Saa tatu asubuhi, sawa. Nenda saa nane mchana ukaweke kiganja kwenye sakafu ya banda, halafu uguse bati la juu. Na usilifunike kwa kanga mbichi pande zote: hewa haipiti, na kwa unyevu wa pwani ndani panageuka mvuke. Funika upande wa jua tu.

"Kobe ana gamba, jua halimdhuru."
Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya damu. Porini, jua likiwa kali kobe hujificha chini ya kichaka. Ukimwacha juani ndani ya beseni, anaweza kufa kabla ya jioni.

"Akizidiwa, mtumbukize kwenye maji ya barafu."
Usithubutu! Baridi kali hubana mishipa ya ngozi, joto likabaki ndani, na mshtuko wenyewe unaweza kumuua. Sungura hupumua kwa pua; ukimwona anahema mdomo wazi, hali ni mbaya. Kasuku aliyezidiwa hutanua mabawa na kuhema. Mnyama aliyezidiwa mhamishie penye ubaridi, sungura mlowanishe masikio na nyayo kwa maji ya bomba, usimnyweshe kwa nguvu, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo. Mpeleke hata akiinuka na kuanza kula, kwa sababu madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye.