Klabu ya soka kama mlango wa afya: maana yake

Klabu ya soka ya kulipwa inapotumia jina lake, uwanja wake na makocha wake kuwafikia watu wasiofika kirahisi kwenye huduma za afya, hasa wa mitaa ya kipato cha chini, hapo ndipo tunapozungumzia klabu kama mlango wa afya. Si bonanza la siku moja, wala mchezaji kupiga picha na wagonjwa. Ni mpango wa wiki kadhaa, wenye ratiba na vipimo.

Kwa nini klabu? Mwanamume wa miaka 50 mwenye kitambi na presha anaweza kupita mbele ya zahanati kila siku asiingie. Lakini ni shabiki kindakindaki. Timu yake ikimwita, anakwenda. Tena viwanja vingi vya zamani vya Uingereza vilijengwa katikati ya makazi ya wafanyakazi. Celtic ya Glasgow yenyewe ilianzishwa mwaka 1887 ili kuchangisha fedha za kuwalisha maskini wa mashariki mwa jiji hilo.

Mfano mzuri ni Football Fans in Training, mpango wa Uskoti. Wanaume wa miaka 35 hadi 65 wenye uzito uliozidi walikutana klabuni mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, bila kulipa. Walipewa kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, wakaanza kwa kutembea tu, palepale kwenye uwanja waliozoea kuutazama kutoka jukwaani. Kocha wa klabu aliongea nao kuhusu mlo na pombe, huku wakitaniana kama siku ya mechi. Kwangu mimi, utani huo ndio moyo wa mpango: hakuna anayejiona mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanaume 747 katika klabu 13. Baada ya mwaka mmoja, walioshiriki walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Hata hivyo, jina la klabu peke yake halimfikii maskini. Tangazo likibaki mtandaoni, na mazoezi yakiwekwa saa ambazo mtu wa shifti yuko kazini, nafasi zitajazwa na wenye uwezo. Lazima kocha ashuke mtaani.

Kuna na suala la jezi. Ni vigumu kumshauri mtu kuhusu afya ukiwa umevaa tangazo la kamari kifuani. Mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana kuliondoa hapo ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, ila kwenye mkono wa jezi bado linaruhusiwa.