Kuunganisha Pingili za Kiuno: Mkato Mdogo Unaokoa Nini Hasa

Wagonjwa wengi ninaowashauri kuhusu kuunganishwa pingili za kiuno, yaani mifupa ya uti wa mgongo wa chini, huanza na ombi moja: "Daktari, naomba ile ya matundu madogo." Ombi hilo lina msingi, ingawa urefu wa kovu ndio jambo ninalolipa uzito mdogo kabisa.

Kwa njia zote mbili, ya wazi yenye mkato mrefu na ya mkato mdogo, kazi ya ndani ni ileile. Tunaondoa diski iliyochakaa, yaani mto laini ulio kati ya pingili, tunaipa nafasi neva iliyobanwa, tunajaza vipande vya mfupa mahali pa diski, kisha tunazikaza pingili kwa skrubu na vyuma vya titani. Skrubu huzituliza tu. Kinachoziunganisha ni mfupa unaoota katikati yake kwa miezi kadhaa, pengine mwaka mzima. Ndiyo maana mvutaji wa sigara namtaka aache kwanza, kwani nikotini huzuia mfupa huo kuota, mkato uwe mrefu au mfupi.

Tofauti hasa iko kwenye misuli. Katika upasuaji wa wazi, misuli hubanduliwa kutoka kwenye mfupa na kuzuiliwa kando kwa vyuma muda wote wa kazi, hivyo hupungukiwa damu, na sehemu yake huweza kugeuka kovu na mafuta. Katika upasuaji wa mkato mdogo tunapita katikati ya nyuzi za misuli kwa mrija wenye upana wa takriban sentimita mbili. Wazo hilo si jipya kama matangazo yanavyodai: Leon Wiltse wa Marekani alieleza njia ya kupenya kati ya misuli hiyo mwaka 1968, kabla ya kuwapo kwa mirija hii. Faida yake ni kwamba damu inayopotea ni kidogo, maumivu ya siku za mwanzo hupungua na mgonjwa huruhusiwa mapema. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, tafiti nyingi huwakuta wagonjwa wa makundi yote mawili wakiwa na hali zinazokaribiana.

Mrija nao una gharama zake. Daktari haoni eneo lote, kwa hiyo hutegemea picha za eksirei akiwa kazini, na mionzi huongezeka kwake na kwa mgonjwa. Tena ustadi wake huchelewa kupatikana. Mgongo uliopinda sana, au uliokwisha kupasuliwa na kujaa makovu, kwa kawaida naufungua. Kwa mgonjwa mnene, ambaye mkato wa wazi hulazimika kuwa mrefu na wa kina, nauona mrija kuwa bora.

Lipo swali linalotangulia yote hayo, nalo ni kama pingili zinahitaji kuunganishwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016, kwa wagonjwa 247 wenye njia ya neva iliyosinyaa kiunoni, wengine wakiwa na pingili iliyoteleza, ulionyesha kwamba walioongezewa uunganishaji hawakuwa na nafuu zaidi baada ya miaka miwili kuliko waliopanuliwa njia hiyo tu.